Mpango wa kuhama bondeni unaanza na godoro

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, watu wa Kigogo, Mchikichini na Hananasif, mitaa ya bondeni Dar es Salaam, wanakuwa wameshaisikia. Redio imetangaza, kundi la WhatsApp la mtaa limesambaza ramani ya rangi. Wanachoshindwa kuacha ni mali: godoro, friji, cherehani, mtungi wa gesi. Mama na watoto wanaondoka, baba anabaki kulinda, na alfajiri anaokolewa juu ya bati, kama bahati ipo. Mpango wa mtaa usiosema vitu vitawekwa wapi hautahamisha watu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ya maafa ya mtaa ni kutafuta stoo sehemu ya juu: chumba cha ofisi ya mtaa, ukumbi wa kanisa, madrasa. Kila kaya ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwa maka pen kwenye godoro na kwenye daftari, mwenye mali asaini. Guta mbili au tatu, zile za magurudumu matatu za kubebea mizigo, ziwekewe makubaliano mapema, bei ikiwa imeandikwa, kwa sababu mvua ikishaanza bei hupanda mara kadhaa. Vitu vihame kwenye rangi ya njano, yaani angalizo. Rangi ya machungwa, tahadhari, ni ya watu. Ukisubiri nyekundu, guta halipiti tena. Polisi jamii wakae kwenye midomo ya njia, kwenye ardhi kavu, wala asiachwe mlinzi hata mmoja ndani ya nyumba.

Mvua kubwa kwa kipimo cha mamlaka ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, hivyo bati la mita za mraba 60 linamwaga lita 3,000. Zidisha kwa mabati yote kutoka Pugu hadi Vingunguti, ongeza mifereji iliyojaa taka, utaelewa kwa nini mto Msimbazi hufurika Jangwani hata pale ambapo Jangwani penyewe panadondoka manyunyu tu. Mtu muhimu kuliko wote kwenye mpango wenu haishi mtaani kwenu. Anaishi juu ya mto, ana simu yenye chaji na salio, na amekubali kupiga saa yoyote. Tafuteni wawili, maana mmoja atakuwa amelala.

Huku chini mtaani kwenu, pakeni rangi nguzo ya daraja. Alama nyekundu iwe usawa wa kizingiti cha nyumba ya chini kabisa, ya njano iwe chini sana ya hapo. Lakini alama isiwashinde akili: utabiri ukiwa wa machungwa kwa usiku huo, wazee, wajawazito, wenye ulemavu na watoto waondoke kabla ya magharibi hata kama mto bado uko kimya. Usiku huoni mfereji ulio wazi wala waya uliokatika. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo.

Kipaza sauti cha msikiti ni kizuri mpaka umeme ukatike, na kwenye mvua kubwa hukatika. Wekeni kipaza sauti cha mkononi chenye betri, pamoja na filimbi kwa kila balozi.

Umeme: zima meni swichi ukiwa umesimama pakavu, kabla maji hayajafika kwenye soketi. Yakishafika, usiiguse.

Shule ya msingi ndiyo hukimbiliwa, na ndipo mambo huharibika. Funguo anazo mwalimu mkuu aliyesafiri. Weka seti ya pili kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa barua. Kipimo cha kimataifa cha hifadhi ya dharura ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, hivyo darasa la mita 7 kwa 9 ni la watu 18. Hesabuni madarasa leo, mjue ni kaya ngapi zitahitaji kwenda kwa ndugu. Choo, tundu moja lisizidi watu 50 siku za mwanzo, lishuke hadi 20 mapema iwezekanavyo, wanawake na wanaume mbalimbali, na taa mlangoni. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Watu 200 ni lita 3,000, yaani simtanki zima la lita 3,000 kila siku. Nani atalijaza? Andikeni jina na namba.

Kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki na leseni ya makazi vifungwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mwingine. Anayetumia dawa za presha, kisukari au ARV abebe za wiki mbili. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Maji yakipungua, umeme usiwashwe mpaka fundi akague nyaya, na maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa hata yakionekana safi, kwa sababu vyoo vya shimo vya bonde zima vimemwagika humo.