Kahawa ya Kirumba Bado Ipo, Wabishi Wake Wamenyamaza

Nimerudi Mwanza baada ya miaka 13, na jambo lililonishtua si miongoni mwa yale ambayo ndugu walinieleza kwenye simu. Walinieleza kuhusu daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji, na kweli nililipita kwa dakika chache nikielekea Sengerema, pale ambapo zamani tulikaa saa nzima juani tukisubiri kivuko. Walinieleza kwamba timu yetu ya Pamba imerejea Ligi Kuu tangu msimu wa 2024/25, na kwamba nyumba zimezidi kupanda kwenye miamba. Hakuna hata mmoja aliyenieleza kwamba kijiweni watu wameacha kubishana.

Ninyi wenzangu mlio ughaibuni mnakikumbuka kijiwe cha kahawa cha Kirumba, upande wa kwenda Mwaloni: birika jeusi juu ya mkaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, kashata za karanga kwenye sinia, na mabenchi mawili yaliyotazamana. Hiyo ndiyo ilikuwa anasa iliyo ndani ya uwezo wa kila mtu, awe mvuvi, kuli, mwalimu au kijana asiye na kazi aliyenunuliwa kikombe na mwenzake. Lakini kahawa ni chungu, na hakuna aliyeifuata kwa uchungu wake. Tuliufuata ubishi. Tulibishana kwa nini minofu ya sangara inapanda ndege na sisi tunabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vyake. Tulibishana nani hasa alistahili kubeba lawama ya meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika nyumbani. Tulimtaja waziri kwa jina, mbunge kwa jina, na diwani kwa jina na ukoo wake, na mara nyingine diwani mwenyewe alikuwa ameketi pale pale akijitetea, kikombe kikiwa mkononi.

Jumamosi yangu ya kwanza nilikwenda moja kwa moja. Nilipokelewa vizuri mno, nikapewa nafasi katikati ya benchi, na kikombe changu cha kwanza kikalipiwa na mzee ambaye aliwahi kunifundisha kucheza bao. Baada ya salamu nikauliza, kwa sauti ile ile tuliyoizoea, siku zile za uchaguzi zilikuwaje hapa mtaani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, mtandao ulipokatwa, nilikuwa mbali nikiandika ujumbe ambao haukufika, na kwa siku kadhaa sikujua nani wa kwetu yuko salama. Kwa hiyo kwangu lilikuwa swali la mtoto wa nyumbani kwa watu wa nyumbani. Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja aliyekuwa mkabala nami alitia simu mfukoni, akainuka, akaondoka bila kumaliza kahawa yake. Muuza kahawa akaanza kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Ndipo yule mzee akanigusa goti na kusema, “Kunywa, mwanangu, inapoa.” Kisha wakarudi kwenye Simba na Yanga, wakipaza sauti kuliko mada ilivyohitaji.

Nimekwenda mara sita tangu siku hiyo na nimekuta hali ile ile. Nilipoondoka mwaka 2012 Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa haijatungwa. Ilikuja mwaka 2015, na kifungu chake cha 16 kinamwekea anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha umma faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kisha mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo zilimtaka hata mwenye blogu awe na leseni. Mtu atasema kwamba hayo ni ya mtandaoni na hayahusu benchi la mbao. Yanahusu, kwa sababu kila aliyeketi kwenye benchi lile ana simu, na neno ambalo zamani liliishia pale pale pamoja na mvuke wa kahawa, leo linaweza kurekodiwa na kufika Geita kabla msemaji hajasimama. Najua kwamba Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na najua kwamba mikutano ya hadhara iliyozuiwa mwaka 2016 iliruhusiwa tena Januari 2023. Wazee wangu nao wanayajua hayo, na bado wanaosha vikombe visafi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimetoka kwenye ukimya mwingine. Niliishi Tampere, Ufini, nchi iliyoshika nafasi ya kwanza katika Ripoti ya Furaha Duniani kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2025. Watu wa kule hunywa kahawa kuliko karibu taifa lolote, na mapumziko ya kahawa yameandikwa hadi kwenye mikataba ya kazi. Uhuru wa kuchapisha ulipitishwa huko mwaka 1766, wakati nchi ilipokuwa chini ya Uswidi, na aliyeupigania sana, Anders Chydenius, alikuwa kasisi mzaliwa wa Ufini. Ningeweza kusema lolote dhidi ya yeyote. Lakini nilikunywa kahawa ile miaka 13 pamoja na watu wema waliotazama dirishani, na kila jioni nilijiambia kwamba furaha yangu iko Kirumba, kwenye benchi, imenisubiri.

Kwa hiyo wewe unayefunga mizigo huko uliko, usikimbilie kuuliza. Kaa wiki mbili ukisikiliza mpira. Usiweke simu mezani, wala usimpige mtu picha kijiweni kwa ajili ya kumbukumbu zako, maana wewe utapanda ndege na yeye atabaki.

Juzi baba mdogo aliniita kwake Igogo. Tulipomaliza kula sato akaniambia niache simu ndani, naye akaiacha yake juu ya kabati, akabeba chupa ya chai iliyojaa kahawa na vikombe viwili, tukapanda hadi kwenye mwamba ulio juu ya nyumba, mahali ambapo ziwa lote huonekana. Hapo akazungumza. Alizungumza kuanzia feri ya Kamanga ilipokuwa ikitoka hadi taa za wavuvi wa dagaa zilipotapakaa majini, akitaja majina, akipiga mwamba kwa kiganja, akinikatiza kila nilipotaka kumpinga, kama alivyokuwa. Tulipoanza kushuka sauti yake ilipungua kwa kila hatua, na tulipoufikia mlango wa jirani alikuwa akinieleza bei ya mabati.