Ruzuku za sanaa Minnesota: wanaokaa mezani ni akina nani, na wanatafuta nini

Waswahili wa Brooklyn Park, Rochester na St. Cloud wanaochangishana WhatsApp ili wakodi ukumbi wa ngoma, sehemu ya ngoma hiyo wamekwisha kuilipia dukani. Mwaka 2008 wapiga kura wa Minnesota walibadilisha katiba ya jimbo na kukubali kodi ya mauzo ipande kwa 3/8 ya asilimia 1, kuanzia Julai 2009 hadi mwaka 2034. Nunua televisheni ya dola 400: dola moja na nusu inaingia kwenye mifuko ya urithi inayolishwa na nyongeza hiyo, na humo asilimia 19.75, yaani karibu senti 30, ni ya sanaa na utamaduni. Zilizobaki zinakwenda kwenye maji, mbuga na hifadhi ya mazingira. Uwe na uraia au usiwe nao, kodi hiyo umeilipa.

Sehemu ya fedha za sanaa hupitia mabaraza 11 ya sanaa ya kanda, yanayozigawa kama ruzuku kwa vikundi na wasanii wanaoomba. Kila moja lina kaunti zake. Baraza la Metro lina kaunti 7 za Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake. Five Wings, la katikati ya jimbo, lina 5. Lile la kusini-magharibi lina 18, na humo mna Willmar na Worthington, miji ya viwanda vya nyama ambako wenzetu wengi wanafanya kazi. Unaomba kwenye baraza la kaunti unakoishi au kikundi kilipo, si kwenye baraza lenye jina kubwa. Wengi hukimbilia Metro kwa kuwa ndilo wanalolisikia, maombi yakarudishwa kabla hayajasomwa. Huko kwenye kanda za vijijini, tena, waombaji huwa wachache.

Wengi wanadhani kuna mkubwa mmoja ofisini wa kupelekewa salamu. Hayupo. Wafanyakazi wa baraza ni wachache, na kazi yao ni kukusaidia ujaze fomu vizuri, hawatoi alama. Alama hutolewa na jopo la wakazi: mwalimu wa muziki wa sekondari, mfinyanzi, mkutubi, mtu anayeendesha tamasha la mji mdogo. Mwanajopo mwenye undugu au maslahi na mwombaji husema wazi na kukaa kando ombi hilo linapojadiliwa. Bodi, ambayo nayo ni ya watu wa kujitolea, ndiyo inayoidhinisha. Kwa hiyo barua ya sifa kutoka kwa kiongozi wa jumuiya haikubebi. Kinachokubeba ni mtu asiyejua msondo ni ngoma ya namna gani, akasoma ukurasa wako saa tatu usiku, akauelewa.

Jopo hupima mambo matatu, japo kila baraza huyapa majina yake: ubora wa sanaa, faida kwa watu wa eneo hilo, na uwezo wenu wa kuifanya kazi. Ubora hupimwa zaidi kwa sampuli, na hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia. Video ya harusini, ambamo MC anasalimia meza ya wakwe kwa dakika mbili kabla sauti ya mwimbaji haijasikika, haikufai. Mwanajopo ana maombi mengi ya kupitia, anaangalia dakika chache tu. Kata video ianzie mwimbaji anapoingia. Utangulizi wa ala uache, hata kama fidla na qanuni zimepangana vizuri kiasi gani. Chini yake weka tafsiri ya beti mbili na mistari miwili ya maelezo: nani anaimba, anamjibu nani, kwa nini wasikilizaji wanacheka. Simu inatosha kurekodi, mradi iwe karibu na spika na isishikwe na mtu anayecheza.

Kisha kuna msimamo ambao mabaraza haya hayayumbi: fedha ni za umma, basi shughuli iwe wazi kwa umma. Kwetu hili lina uzito wake. Ngoma ya unyago ni ya wanawake, tena waliopitia. Ukiiandika kama shughuli ya kufadhiliwa na mlango umefungwa, itakataliwa, na ukiufungua si unyago tena. Bora iachwe mahali pake, ruzuku iombewe msewe, chakacha au lelemama jukwaani. Vivyo hivyo dini. Fedha ya serikali hailipii ibada. Kwaya ya Wakongo inaweza kufadhiliwa kwa onyesho ukumbini Jumamosi, lakini si kwa misa ya Jumapili; maulidi ya homu yanaweza kuombewa kama sanaa ya uimbaji na miondoko mbele ya hadhira yoyote, si kama kisomo. Tofauti hiyo iandikwe waziwazi kwenye ombi, usimwachie msomaji akisie.

Kikundi kisicho na hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika lisilo la faida lililosamehewa kodi ya mapato na serikali kuu, kwa kawaida kinahitaji shirika lenye hadhi hiyo likubali kupokea fedha na kuzisimamia kwa niaba yake. Springboard for the Arts ya St. Paul imewahi kufanya kazi ya namna hii. Jumuiya nyingine pia zinaweza. Mkataba uwe wa maandishi: hundi inatoka ndani ya siku ngapi, nani anasaini, na wanakata asilimia ngapi. Makato hayo yasipowekwa kwenye bajeti tangu mwanzo, yatatoka kwenye malipo ya wapiga ngoma.

Chukua mfano wa ombi la dola 5,000 kwa usiku wa taarab. Wanamuziki 6 kwa dola 300 kila mmoja ni 1,800. Mwalimu wa ngoma, vipindi 8 vya dola 75, ni 600. Ukumbi 700, vyombo vya sauti na fundi wake 600. Wakalimani wawili wa lugha ya ishara 500. Ni wawili kwa sababu hupokezana, na mpango wa kuwafikia wenye ulemavu ni sharti, si mapambo. Matangazo 400. Makato ya shirika linalosimamia, tuseme asilimia 8, ni 400. Bila pilau. Chakula mara nyingi hakilipwi na ruzuku, basi kionyeshwe kama mchango wa akina mama, kwa thamani yake. Na msiandike wasanii “watajitolea” mkidhani mnaonekana wabana matumizi. Mabaraza haya yanaamini msanii ni mtu wa kazi. Bajeti inayolipa ukumbi na kumnyima mwimbaji inapoteza alama.

Kutunza je? Mwimbaji akitunzwa jukwaani, zile dola ni zake au za kikundi? Amueni kabla, muandike. Zikiwa za kikundi ni mapato, ziingie kwenye hesabu. Suala hili limevunja vikundi zaidi ya ruzuku zilizokataliwa.

Tarehe nazo zina mtego. Mwaka wa fedha wa jimbo huanza Julai 1, na Siku ya Kiswahili Duniani ni Julai 7. Ukingoja mwaka mpya ufunguliwe umechelewa, maana matumizi yaliyofanyika kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye mkataba hayarudishwi, hata amana ya ukumbi. Hesabu miezi mitatu hadi minne toka siku ya mwisho ya maombi hadi hundi. Ukitaka kumwalika mwimbaji kutoka Zanzibar ongeza muda zaidi: kwa viza ya matembezi hawezi kupanda jukwaani kwa malipo, wanamuziki wa asili huombewa P-3, viza ya wasanii wa utamaduni wa kipekee, na mwombaji ni mwenyeji aliye Marekani. Ruzuku anayopewa mtu binafsi, si kikundi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa kipato, kwa hiyo tenga ya kodi mapema.

Mkipata, matangazo yote lazima yaseme kwamba shughuli imewezekana kwa wapiga kura wa Minnesota, kwa maneno na nembo mtakazopewa. Msiyafupishe. Risiti na idadi ya waliohudhuria vihifadhiwe, kwa sababu kikundi chenye ripoti ya mwisho isiyowasilishwa hufungiwa mlango msimu unaofuata.

Mkikosa, ombeni maoni ya jopo. Mara nyingi kasoro ni ndogo: jumla ya bajeti haikulingana, au hakuna aliyeelewa watu watajuaje kuhusu onyesho. Na katikati ya misimu, jazeni fomu ya kuwa wanajopo. Mabaraza huwatafuta watu kwa matangazo ya wazi, wengi hupewa posho kidogo, na siku hizi vikao vingi hufanyika mtandaoni, hivyo hata mwenye zamu ya usiku anaweza. Utasoma maombi ya watu wengine kwa wiki kadhaa. Ila msimu ule ambao kikundi chako kimeomba, ombi lenu hutalipima.