Toa tatu

Jumamosi, saa 9 alasiri, watu sita tumekodolea macho skrini tukisubiri mechi ya gemu ya osu! isiyokuja. Wawili walikuwa wamenunua bando kwa ajili ya mechi hiyo tu. Mmoja, anayekaa dukani kwa mjomba wake Tandika, alikuwa ameomba aachiwe mchana mzima. Ilipofika saa 9 na nusu mtu akaandika kwenye kundi: "Mkuu, una uhakika na muda?"

Nilikuwa na uhakika wote. Tangazo la waandaaji lilisema 15:00 UTC, yaani saa ya dunia, nami nikaandika kwa herufi kubwa: LEO SAA 9 ALASIRI, MSICHELEWE. Wapinzani walitokea saa 12 jioni, kwa wakati wao sahihi kabisa, wakatukuta wawili. Wa Tandika alishaitwa dukani. Bando za wengine zilikuwa zimeishia YouTube wakiua muda.

Mimi ndiye niliyejitwika kazi ya kuleta habari za osu! kwenye kundi letu la WhatsApp. Tuko arobaini na ushei, wengi wa Dar, wachache Morogoro na Mombasa, na ndugu yetu mmoja yuko Muscat. Kwa asiyeijua, osu! ni gemu ya mdundo: wimbo unapigwa, duara zinajitokeza kwenye skrini, kila duara imezungukwa na pete inayosinyaa, na pete ikiligusa duara ndipo unabofya. Mwaustralia Dean Herbert, ambaye wachezaji wanamwita peppy, aliitoa tarehe 16 Septemba 2007, na mpaka leo ni ya bure. Nyimbo zinapangwa na wachezaji wenyewe. Kila wimbo uliopangwa sisi tunauita ramani.

Kilichonifanya niipende kuliko gemu za risasi ni jambo moja la kiufundi. Kule kwenye risasi, sisi wa huku tunakufa kabla hatujamwona aliyetuua, maana seva iko mbali na mtandao wetu unavuta miguu. Kwenye osu! hukumu ya kila mbofyo inatolewa ndani ya mashine yako. Seva inapokea matokeo tu. Kijana wa Mbagala mwenye mtandao wa kubahatisha anahukumiwa kwa kipimo kilekile cha kijana wa Seoul.

Ila habari zake zinakuja kwa Kiingereza, mara nyingi usiku wetu, na zikiwa zimeandikwa kwa watu ambao tayari wanajua. Ndiyo maana nilijitolea. Nilianza vibaya. Nilikuwa nachukua orodha nzima ya mabadiliko ya toleo jipya, mistari thelathini, arobaini, naitafsiri yote, na juu yake naandika "MASASISHO". Mtu akanijibu, "Kaka, hii ni apdeti au katiba?" Hakuna aliyesoma. Walioisoma waliuliza tena kitu kilichokuwa mstari wa nne.

Turudi kwenye saa. Usiku wa ile mechi nilikaa na karatasi nikijiuliza nimekosea wapi, maana kuongeza saa tatu najua. Tatizo ni kwamba kichwa changu kinahesabu saa kwa Kiswahili na tangazo limeandikwa kwa saa ya dunia, kwa hiyo nilikuwa nafanya hesabu mbili na nikasahau moja. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC: ongeza tatu. Saa yetu ya Kiswahili iko nyuma ya tarakimu hizo kwa sita: toa sita. Ongeza tatu, toa sita. Nikaitazama karatasi. Ni sawa na kutoa tatu!

15:00 UTC, toa tatu, saa 12 jioni. 12:00 UTC, saa 9 alasiri. 18:00 UTC, toa tatu inabaki 15, ikizidi 12 toa 12, saa 3 usiku. UTC yenyewe haibadiliki kwa majira ya joto kama saa za Ulaya, kwa hiyo hesabu inakaa mwaka mzima. Ndugu yetu wa Muscat anajiongezea saa moja mwenyewe. Niliituma asubuhi yake kwa maneno mawili, "Toa tatu," pamoja na mifano hiyo, na mpaka leo ndiyo habari iliyosambazwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimeikuta hata kwenye kundi la watu wa mpira.

Kilichonifundisha kuandika kifupi ni janga. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zetu ikapigwa vibaya. WhatsApp ilikuwa inafunguka kwa kusuasua, ujumbe unaondoka asubuhi unafika jioni. Simu za kawaida na SMS zilifanya kazi. Basi nikaanza kutuma habari kwa SMS kwa watu kumi na tano niliokuwa na namba zao.

SMS moja ni herufi 160. Hapo huwezi kuleta katiba. Swali la kwanza lililonifikia lilikuwa, "Mkuu mbona nacheza vizuri rekodi haziingii?" Na jibu lake ni habari ambayo ningeiandika aya tatu. Kwenye lazer, toleo jipya la gemu ambalo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kabla wimbo haujaanza mashine inaomba kibali kwa seva. Kibali kisipopatikana, unaweza kucheza mpaka mwisho, ila matokeo hayatatumwa hata mtandao ukirudi katikati ya wimbo. Nikaandika: "LAZER: bila mtandao MWANZO wa wimbo, rekodi haitumwi. Cheza mazoezi tu. Ukitaka rekodi, hakikisha umeunganishwa kabla ya kuanza." Nikahesabu herufi kwa kidole. Zilitosha. Nikagundua kwamba hapo ndani kuna kila kitu: kinamhusu nani, kimebadilika nini, afanye nini. Mtandao uliporudi sikuiacha ile staili. Mpaka leo ninaandika kana kwamba nalipia kila herufi.

Siku hizohizo biashara ya flashi ilirudi. Ramani moja huwa ni MB chache tu usipochukua na video (kwenye ukurasa wa kupakua kuna chaguo la bila video, na kwa mtu wa bando hilo ndilo la kuzingatia), ila siku zile hata hizo chache hazikushuka. Tukawa tunakutana Kariakoo kwenye kibaraza cha fundi simu mmoja tunabadilishana ramani kama zamani watu walivyobadilishana kanda. Wenye toleo la zamani, stable, walikuwa wanafurahi: wanafungua folda ya Songs, wananakili, kwaheri. Wa lazer wakafungua folda zao wakakuta mafaili yenye majina marefu ya herufi na namba, hayana mbele wala nyuma. Mmoja alifikiri ameingiliwa na kirusi, akataka kufuta yote. Nilimshika mkono, kweli kabisa, kidole chake kikiwa juu ya Delete.

Lazer haiweki nyimbo kwa majina. Kila faili linapewa jina linalokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, ili faili moja linalotumika kwenye ramani mbili lisihifadhiwe mara mbili. Kwa mwenye diski ndogo ni neema. Kwa mwenye flashi mkononi ni mateso. Njia niliyoipata ni kuifungua ramani kwenye kihariri cha gemu, kisha kwenye menyu ya faili kuitoa kama faili moja la .osz, na hilo ndilo unalompa mwenzako. Nilitumia dakika ishirini kuipata, nimechuchumaa, laptopu juu ya ndoo. Tangu hapo sitangazi jambo ambalo sijalifanya kwa mkono wangu kwenye mashine yangu, nayo ni ya mtumba, kibodi yake imekufa herufi mbili. Ikifanya kazi hapo, itafanya kazi kwa wengi wetu.

Kwa mtindo huo habari nyingine huchelewa, na kuna waliolalamika. Mwishoni mwa Oktoba 2024 ilitangazwa hesabu mpya ya pp, zile alama zinazopanga nafasi ya mchezaji duniani. Kabla sijaamka vizuri mtu alisharusha ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwamba rekodi zote zinafutwa na tunaanza sifuri. Kundi liliwaka moto. Nilinyamaza, nikapigiwa simu mbili.

Nilichokuwa nacho ni rekodi yangu moja ya wimbo mrefu, duara mia nane na kitu, ambapo nilikosa duara moja tu, tena katikati kabisa. Hesabu ya zamani ilikuwa inaangalia sana mfululizo wako mrefu kuliko yote, yaani umebofya ngapi bila kukosa, kwa hiyo mtu aliyekosa mara moja katikati alikatwa kama amecheza nusu wimbo, na aliyekosa mara moja mwishoni akaponea. Wote wamekosa mara moja! Hesabu mpya iliachana na hilo ikawa inaangalia umekosa mara ngapi. Nilisubiri mpaka rekodi yangu ihesabiwe upya kwenye ukurasa wangu, nikaona imepanda, ndipo nikaandika: hakuna kilichofutwa, zinahesabiwa upya moja baada ya nyingine, waliokosa kidogo kwenye nyimbo ndefu watapanda, na usishangae pp zikipanda halafu nafasi ikashuka, maana wenzako nao wamepanda. Yule wa ujumbe wa sauti alinitumia emoji ya mikono iliyofumbatana. Hatujawahi kulizungumza tena.

Habari za taiko, ile namna ya gemu inayofuata ngoma ya Kijapani, siziandiki. Sina mkono wa taiko. Kuna dada mmoja wa Mombasa anaicheza kunishinda mara kumi, na amezichukua yeye. Kiswahili chake cha pwani kinawachanganya vijana wa Dar wiki mbili za mwanzo, kisha wanazoea na wanaanza kumwiga.

Maswali ya "apdeti imeharibu" ndiyo yanayokula muda wangu sasa, na mengi yana kisa kingine nyuma yake. Mwezi uliopita dogo wa Morogoro aliniandikia faragha:

"Kaka shikamoo. Apdeti ya jana imeniharibia gemu. Nabofya kwenye mdundo kabisa lakini kila duara napewa 100."

"Marahaba. Nitumie picha ya matokeo."

Hakutuma picha ya skrini. Alipiga kwa simu, ikaonekana na meza yake: daftari la fizikia, chungwa lililomenywa nusu, na pembeni kikasha cheupe chenye mfuniko, cha hedfoni za Bluetooth. Lile toleo nilikuwa nimelishusha jana yake na halikunisumbua. Kwenye ramani aliyocheza, yenye ukali wa hukumu wa 8, ili upate 300, yaani alama kamili ya duara, unatakiwa ubofye ndani ya milisekunde 32 hivi kabla au baada ya mdundo. Sauti ya Bluetooth mara nyingi inachelewa zaidi ya hapo. Alikuwa anabofya sawasawa na anachokisikia, na anachokisikia kilikuwa kimeshapita.

"Hizo hedfoni umezipata lini?"

"Jana kaka. Shangazi kaniletea."

Nikamweleza kwamba lazer ina kitufe cha kurekebisha ucheleweshaji kwa kutumia mchezo uliotoka kuumaliza, ila kwa Bluetooth ucheleweshaji wenyewe huyumba, leo hivi kesho vile. Atafute za waya, za zamani. Robo saa kimya. Kisha ikaja picha nyingine, chungwa limeshaliwa, 300 zimejaa skrini nzima.

"Kaka imekubali. Ila hizi za waya zinasikika upande mmoja."

"Sikio moja linatosha, dogo. Cheza."