Nilivyomtoa mamba kwenye ukoo wa chura

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, hakuna mwanafunzi wangu aliyeandika kwamba temnospondili, kundi la amfibia wa kale waliokwisha kutoweka, ni mamba wa kale. Hata mmoja! Nimefurahi mno, na nataka kueleza nilivyofika hapa, kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea miaka miwili mizima.

Nafundisha baiolojia sekondari, upande wa Ziwa Nyasa, si mbali na bonde la mto Ruhuhu. Miamba ya bonde hilo imetoa mifupa ya wanyama hawa. Yupo Peltobatrachus, aliyeelezwa na Panchen mwaka 1959, amfibia wa mwishoni mwa Pemiani, enzi ya kale kabla ya dinosaria, aliyevaa mabamba ya mfupa mgongoni. Yupo na mwingine wa Triasi, enzi iliyofuata, mwenye kichwa bapa, kutoka miamba ya Manda, aliyeelezwa na Anne Howie mwaka 1970. Nina watoto darasani wanaotoka Manda. Kwao Manda ni nyumbani kwa bibi, ni samaki na mashua. Hawakuwa wakijua kwamba wataalamu wa visukuku wa nchi za mbali wanalitaja jina hilo miaka yote. Jambo hilo liliniuma, nikasema lazima nilifundishe.

Mwalimu mwenzangu aliyenizidi miaka kazini akanishauri: "Madam, usijichoshe. Waambie walikuwa mamba wa zamani, wataelewa haraka." Kweli walielewa haraka. Walielewa uongo, na uongo ukishaingia kichwani mwa kidato cha tatu kuutoa ni kazi. Majina nayo hayasaidii. Prionosuchus wa Brazili, Koolasuchus wa Australia, wote wamebebeshwa neno la Kigiriki la mamba, wakati ni amfibia kabisa.

Nikaamua nifinyange fuvu, watoto waone kwa macho. Nilimchagua Mastodonsaurus wa Ujerumani, ambaye fuvu lake lilizidi mita moja, na ambaye ana jambo la ajabu: meno mawili marefu ya taya la chini yalipenya juu kupitia matundu mbele ya pua, akifunga mdomo ncha zinachungulia nje. Nilitaka sana meno yale. Nikachimba udongo mtoni, nikafinyanga siku tatu, nikaanika juani uani. Siku ya pili likapasuka kuanzia pua hadi kisogoni. La pili nalo likapasuka, tena vibaya zaidi. Nikaenda kwa mama mmoja Mkisi anayefinyanga vyungu, nikamwamkia, nikamweleza. Akalishika pande lililovunjika, akalisugua kwa kidole gumba, akasema: "Mwanangu, udongo huu mtupu, na jua ulilolianikia ni kali. Tia mchanga kidogo, punguza unene, uache kivulini hata wiki." La tatu halikupasuka. Meno yakapita kwenye matundu yake sawasawa, nikalibeba shuleni kwa beseni nikiwa na raha isiyoelezeka.

Watoto walipoliona tu, wakapaza sauti kwa pamoja: "Mamba!"

Usiku ule sikulala vizuri. Niligundua kwamba kichwa kirefu chenye meno ndicho kinachodanganya, kwa sababu mnyama yeyote anayevizia windo majini anaweza kuwa na kichwa cha namna hiyo. Nilipaswa kutazama kwingine. Nikarudia michoro ya mifupa, na safari hii nikatazama mikono. Temnospondili kwa kawaida walikuwa na vidole vinne mbele na vitano nyuma. Chura ana vinne mbele na vitano nyuma. Mamba je? Vitano mbele, vinne nyuma. Kinyume kabisa!

Kesho yake nilipeleka sinia la tope laini na chura mmoja mkubwa. Wakambonyeza miguu taratibu, wakahesabu, wakamwachia. Kisha nikawapa picha ya nyayo za mamba niliyochapisha stationari, na mchoro wa temnospondili bila kichwa. Kichwa nilikifunika makusudi kwa karatasi. Kila kundi likaamua lenyewe mnyama huyu akae na nani. Makundi yote sita yalimpeleka kwa chura. Gharama yote pamoja na manila na maka peni haikufika elfu kumi. Ukitaka kufanya hivi, funika kichwa, tafadhali. Usipokifunika umeharibu.

Kosa la pili lilikuwa langu. Nilichora ngazi ubaoni: samaki, temnospondili, chura. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Madam, umesema yule wa Australia aliishi miaka milioni 120 iliyopita. Na wa Madagaska anayefanana na chura, Triadobatrachus, aliishi miaka milioni 250 iliyopita. Sasa mtoto kamtangulia baba?" Nikaifuta ngazi palepale.

Jibu nililipata kwenye lugha yetu. Mdogo wa babu yako unamwita babu, unamwamkia shikamoo, lakini siye aliyemzaa baba yako. Temnospondili ni ukoo mpana, kuanzia miaka milioni 330 hivi iliyopita, na Koolasuchus na Mastodonsaurus ni mababu wa namna hiyo, wadogo zake babu. Tawi ambalo wataalamu wengi wanaona limewazaa vyura na salamanda ni la wadogo wa umbo, wadissorofoidi. Doleserpeton wa Oklahoma, aliyeelezwa mwaka 1969, alikuwa na jino la vipande viwili, taji limekaa juu ya kitako, kama jino la amfibia wa leo. Gerobatrachus wa Texas, aliyetangazwa mwaka 2008, amechanganya sura ya chura na ya salamanda. Watoto walichora mti wa ukoo, nao waliupata kwa dakika ishirini, maana nani asiyejua kutenganisha babu mzaa baba na mdogo wake?

Sesilia, wale amfibia wasio na miguu ambao hata Usambara wapo, ndio waliotuweka hadi jioni. Mwaka 2017 kisukuku cha Colorado, Chinlestegophis, kiliwasogeza upande wa temnospondili wakubwa wenye vichwa bapa. Mwaka 2023 Funcusvermis wa Arizona akawarudisha karibu na vyura. Wanafunzi waligawanyika, wakabishana kwa hoja, na sikuwakatisha.

Niliwaambia pia kwamba Anne Howie yule wa mwaka 1970 ndiye Anne Warren aliyekuwa miongoni mwa waliompa Koolasuchus jina mwaka 1997. Mtu mmoja, tangu mfupa wa Manda hadi wa Australia.

Manila ya mti wetu imeshachanika pale kwenye Triasi, kwa sababu kila anayetoka Manda lazima apite aweke kidole kwenye jina la kwao. Muhula ujao nitauhamishia kwenye kitambaa cha marekani.