Siku moja maishani mwangu: fundi mitambo wa studio, Nkuhungu

Watu wakisikia nafanya kazi studio, wanadhani nashinda kwenye kiti cha kuzunguka, hedifoni masikioni, wasanii wananipigia magoti. Nawaandikia siku yangu ya jana kama ilivyokwenda, mjionee.

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka, chai ya rangi, ufagio. Kipindi hiki cha upepo vumbi la Dodoma halina adabu, linaingia hadi kwenye vifungo vya mixa, kwa hiyo kabla ya kuwasha chochote napiga brashi kifungo kimoja kimoja. Dirisha naliziba kwa godoro, mlango kwa mablanketi mawili.

Saa kumi na mbili mteja anashuka kwenye bodaboda, sneya mgongoni, ile dramu ndogo yenye nyaya chini. Huyu kaka anapiga dramu kwenye bendi ya rock hapa mjini, ile ya wikiendi inayokufanya umwongeleshe mwenzako kwa ishara. Sasa anarekodi albamu yake mwenyewe, na ni ya taratibu mwanzo mwisho: gitaa kavu, ilimba (ile ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), sauti yake ya chini, na dramu anazopiga kwa brashi badala ya fimbo. Wengi wanaona hiyo ni kazi rahisi. Nasema kwa moyo wangu wote, sijawahi kupewa kazi ngumu kama hii.

Dramu ya rock inajitetea yenyewe. Maiki unaishusha sauti, kishindo kinafunika kila kitu. Brashi ikikwaruza ngozi ya sneya, sauti yake ni ndogo, inabidi maiki uifungue sana, na ukiifungua inaokota kila kinachopumua mtaani. Maiki mbili za juu ndizo zinazokula muda. Nafunga uzi katikati ya sneya, nauvuta hadi maiki ya kushoto, naubana kwa vidole pale unapofika, kisha nauhamishia ya kulia. Umbali ukipishana, pigo moja linafika kwa nyakati mbili, mawimbi yanakatana, na sneya inatoka nyembamba, haina tumbo. Nimesogeza, nikapima, nikasogeza tena. Kaka wa watu ametulia tu, anapitisha viganja kwenye ngozi kuhakikisha bado ina ukwaruzo, maana ngozi laini na brashi haziendi.

Saa moja tukapata wimbo wa kwanza. Tukiwa katikati ya wa pili jua likapiga bati, na mabati yakianza kutanuka yanalia ta! ta! Nikasimamisha. Tukarudia.

Saa mbili na nusu mashine ya kusaga ya jirani ikawashwa.

Hapo ndipo siku ilipoishia, kwa kweli. Mngurumo ule haupiti dirishani tu, unapanda na sakafu hadi kwenye miguu ya maiki. Nikaenda.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Najua ulichofuata. Hawa nao wameamka saa ngapi?”

Foleni ilikuwa ndefu, debe za mahindi na za uwele, watoto wametumwa na wanatakiwa warudi kabla ya jua kali. “Wako wanaimba,” akaniambia, “wangu wanataka kula.” Sina la kumjibu mtu anayesema kweli. Tukakubaliana kila akimaliza mteja azime kidogo, aniite. Anazima, tunakimbia kukaa, naondoa kelele kwenye hedifoni, nahesabu moja mbili tatu nne, tunafika kwenye kiitikio, mashine inanguruma. Wimbo una zaidi ya dakika nne. Nafasi anayonipa haifiki tatu. Tumefanya hivyo asubuhi yote. Mgongo unauma kwa kuinama, na kila tukirudia mapigo ya mteja wangu yanakuwa na haraka kidogo, kwa sababu anaikimbilia mashine.

Nikamwambia tupumzike. Akanisimulia habari za Robert Wyatt, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya Soft Machine ya Uingereza, aliyeanguka dirishani mwaka 1973 akapooza miguu. Mwaka uliofuata akatoa Rock Bottom, albamu ya upole, na prodyuza wake alikuwa Nick Mason, naye mpiga dramu wa bendi ya Pink Floyd. Nikamwambia mbona habari hizo ziko kwenu. Kwao ni Chamwino. Muheme, ngoma ya Wagogo, wanapiga akina mama, ngoma imebanwa kati ya mapaja, viganja vinafanya kazi na sauti juu inaimba bila kushindana nayo. Akacheka, akaanza kupiga mpigo huo kwa vidole kwenye paja lake, polepole. Nikajua wimbo wa pili umepona.

Saa saba mama akafunga kwenda kula. Feni nikazima, maana nayo inasikika. Joto la chumba kilichozibwa magodoro chini ya bati la Dodoma mchana, mwenye kulijua analijua. Jasho likidondoka kwenye sneya brashi inakufa palepale, kwa hiyo nilisimama pembeni na kipande cha kitenge nikipangusa kila anapopumzika. Tukapata. Tukapata na wa tatu. Baada ya hapo saa sikuangalia.

Jioni, nikiwa nachanganya sauti tulizorekodi, mpiga gitaa wa bendi yao akaja kusikiliza. “Fundi, mbona dramu haipo? Ipandishe bwana, ibane ijae.” Nikakataa. Ukiibana sauti hadi kila pigo lilingane, lile la kunong'ona na lile la kukaza yanakuwa kitu kimoja, na huyu mtu ameshinda kwenye tanuri akizitafuta tofauti hizo. Akaniuliza kama na mimi nalipisha bei ileile kurekodi ukimya. Ndiyo, nalipisha. Ningekuwa na uwezo ningelipisha zaidi.

Mwenye albamu akasikiliza mara moja, akasema iache hivyo hivyo. Akalipa, nikamwandikia risiti, wakaondoka. Kesho saa tatu nina kwaya nzima na chumba ni hikihiki. Ngoja nikakunje mablanketi.