Mpira wa pete na simu zetu, Kikoni

Wiki hii tumejazishwa darasani dodoso la uraibu wa simu, lile lililotungwa Korea Kusini mwaka 2013: kauli kumi, kila moja unaipa alama 1 hadi 6. Kauli mojawapo inahusu maumivu ya shingo na vifundo vya mikono unapotumia simu. Darasa zima likaangua kicheko, maana tulikuwa tumeinama tukilijaza kwenye simu hizo hizo. Mvulana akifikisha 31 au msichana 33, anahesabiwa yuko hatarini. Alama zangu mtaniwia radhi, sizitaji.

Mhadhiri akafunga kwa nasaha: fanyeni mazoezi. Simpingi. Tafiti nyingi, hasa za China, zinaonyesha kwamba wanafunzi wanaofanya mazoezi huwa hawaitegemei simu sana. Ila nyingi zimewauliza watu mara moja tu, na hapo huwezi kujua kama mazoezi ndiyo yanayopunguza simu, au simu ndiyo inayomlaza mtu kitandani. Mimi nilitaka kumuuliza: mazoezi gani?

Maana hapa Kikoni, mtaa wetu jijini Kampala, wakimbiaji tunao. Kuna jirani yangu hupanda kilima cha Makerere simu ikiwa imefungwa mkononi, inamhesabia hatua na kumpigia muziki. Akifika juu anapiga picha ya jasho, anaiweka status, kisha anashuka akisoma nani ameiona. Huyo amekimbia nayo, hakuikimbia.

Halafu hizo mbio za alfajiri tunazohubiriwa zinatukuta wapi? Data ni ghali, na tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu yake. Mwanafunzi anangoja bando la usiku, la bei nafuu, ndipo apakue mihadhara na, tuseme ukweli, filamu. Jogoo anawika ndiyo kwanza analala. Ukimwamsha saa kumi na mbili akakimbie, atakuona mchawi.

Kwa hiyo mimi nasimama na mpira wa pete wa jioni. Timu yetu ni mchanganyiko: Arua, Bukavu, Busia, na nahodha wetu ni binti wa Mwanza, ndiyo maana uwanjani ni Kiswahili tu. Huu mchezo haukupi nafasi ya kushika kitu kingine. Ukidaka mpira una sekunde tatu uwe umeutoa. Mko saba, na mmoja akikosekana pengo linaonekana toka mbali, kwa hiyo usipotokea watu wanakuja kukugongea mlango. Hilo la kugongewa mlango ndilo ninaloliamini kuliko jasho lenyewe. Simu haijawahi kuja kunigongea nikikosekana.

Kabla ya kuanza, nahodha anakagua kucha, kisha anapitisha mfuko wa kitambaa. Simu zote humo, na mfuko anakaa nao yule aliyeteguka mguu.

"Na mama akinipigia?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Tutampokea, dada. Kwani mama yako anauma?"

Kweli alipiga, kutoka Arua, tukiwa katikati ya mchezo. Nikamsikia mwenye mfuko akisema, "Shikamoo mama. Yuko uwanjani, anazuia goli. Akimaliza atakupigia." Mama akauliza kama tunashinda. Siku hizi hilo ndilo swali lake la kwanza, ada ya shule inafuata.

Tukimaliza, kila mtu anauvamia mfuko, sidanganyi. Pesa ya boda imo humo, notisi za mhadhara zimo humo. Sijaona mtu aliyeacha simu. Nimeona watu wanaokaa saa nzima bila kuigusa na bila kuona ni kazi.

Jumanne mlinzi wetu wa goli ana mtihani, tuko sita. Kama uko Kikoni, unajua kudaka na kucha zako ni fupi, njoo saa kumi na moja jioni. Raba yoyote inafaa.