Sukari ya Siku Moja, Ndani ya Glasi

Mama alipoambiwa ana sukari, cha kwanza alichouliza ni: "Sasa Ramadhani nitafuturu na nini, mwanangu?" Swali hilo liliniuma. Futari ya nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, ameijenga yeye: muhogo wa nazi, magimbi, tambi, kaimati zilizozama kwenye shira.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25 kwa mtu mzima mmoja kwa siku, vijiko sita vya chai. Sisi tuko watano. Siku moja ya Shaabani nikapima vijiko 30, nikavimimina kwenye glasi: leo tunatumia hii tu. Chai ya asubuhi peke yake ikafagia nusu. Juisi ya ukwaju ya mchana ikamaliza iliyobaki. Mama akaitazama glasi tupu, hakusema neno.

Kaimati hatukuzifuta. Ni za Ijumaa, mbilimbili. Muhogo naupika kwa tui la pili. Kasimele, lile tui zito la kwanza, naikamua kwenye kifumbu, naiweka kando, natia vijiko viwili tu wakati wa kuepua. Harufu ya nazi inapanda vilevile. Adhana ikilia ni tende na maji, tunaswali Magharibi, ndipo tunarudi mkekani. Ukitoka kuswali, pupa imeshatulia. (Mama anafunga kwa ruhusa ya daktari wake, aliyempangia upya na saa za dawa. Hilo jamani msijiamulie.)

Siku za kawaida si kazi kubwa: samaki, matembele, ugali wa kiasi, chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Mtihani ni Idd. Nyumba kumi, visheti kumi, soda kumi, na kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Mama ana njia yake: anachukua kisheti kimoja, anakivunja, nusu anampa mjukuu, kisha anaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyewahi kununa. Pilau anakula, ila kachumbari inatangulia sahanini na inachukua nafasi kubwa.

Shaabani iliyopita niliamka alfajiri nikamkuta jikoni na ile glasi, anahesabu vijiko kwa sauti ya chini.